Nani Kapika? Burboni, Rai na Majina Kapuni ya Mwambao wa Kigoma

Wadau, hii stori inaanza na chupa mbili na swali moja, na swali lenyewe halijaniachia mpaka leo.

Kuna jamaa, jina kapuni, mtoto wa Ujiji kabisa, alikuja likizo kutoka Marekani na chupa mbili kwenye begi. Moja burboni, nyingine wiski ya rai. Sasa Ujiji kwao huwezi kufungua kitu kama hicho barazani. Mama yake ni mtu wa swala tano na mtaa mzima unajuana. Kwa hiyo chupa zikapelekwa Bangwe, kwa rafiki yake mwenye nyumba inayotazama ziwa. Jioni, upepo umetulia, taa za wavuvi wa dagaa ndo zinaanza kuwaka moja moja huko majini. Tulikuwa sita: vijana watano, na mzee mmoja mstaafu wa reli, mtu wa Kasulu, babu yake mwenye nyumba.

Jamaa akatoa darsa. Huko alikoishi wana kikundi chao cha kuonja, wanakutana Jumamosi, wanafunika lebo, kila mtu anaandika anachonusa na anachoonja, halafu wanabishana mpaka usiku. Akatufundisha. Kwa sheria ya Marekani, burboni lazima ipikwe na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi. Wiski ya rai nayo, angalau asilimia 51 iwe rai, nafaka ya nchi za baridi, ndugu yake ngano. Zote mbili zinalazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa kwa ndani. Ile rangi ya asali mnayopigia picha imetoka kwenye mti. Ikichuruzika kutoka kwenye mtambo ni nyeupe kama maji ya kisima.

Tukaonja kwa lebo kufunikwa. Aibu tupu. Wawili wetu walizichanganya, mmoja akasema zote zina ladha ya dawa ya kikohozi, mimi nikabahatisha.

Babu akapewa mwisho. Hakuzungusha glasi wala kufumba macho. Alinusa mara moja, akagusisha ulimi, akakaa kimya kidogo. "Hii ni mahindi," akasema. Akachukua ya pili. "Hii siyo mahindi. Hii inawasha kama imepita kwenye pilipili manga, halafu inakauka mdomoni."

Jamaa alibaki kinywa wazi. Maana ndivyo hasa wanavyoandika wale wataalamu wa Jumamosi: ya mahindi ina utamu wa mbele, ya rai ina ukali wa viungo na ukavu.

"Babu, umejuaje?"

"Mjukuu wangu, mahindi hata uyapike vipi yanabaki mahindi." Akaweka glasi chini. "Nani kapika?"

Jamaa akageuza chupa, akasoma lebo. Jina la mzungu fulani, mwaka fulani wa karne ya 19, mji fulani.

"Huyo ndo mpishi?"

"Hapana babu, huyo alikuwa mwenye kampuni."

"Mimi nimeuliza mpishi."

Hakuna aliyekuwa na jibu.

Sasa kwa nini mzee wa Kasulu aulize hivyo? Kwa sababu mwambao huu ndilo swali la kwanza kabla mtu hajameza chochote. Kwa chupa ya dukani unauliza bei. Kwa gongo unauliza mpishi. Ukitajiwa na ukamjua, unakunywa. Usipomjua, unasingizia una dozi hospitali. Jina la mpishi ndilo lebo, ndilo shirika la viwango, ndilo kila kitu. Na jina hilohilo huwezi kuliandika popote, maana toka sheria ya moshi ya mwaka 1966 ukikutwa umepika bila leseni ni kesi, na kukutwa nayo tu ni kesi. Kwa hiyo jina linatembea kwa mdomo. Kila mnywaji analijua, na hakuna karatasi inayolijua.

Nikaanza kufuatilia historia ya vinywaji vikali upande huu wa nchi, na kila nilipofika nikakuta mambo yaleyale. Chupa ina jina, mtu hana.

Anza na chupa maarufu kuliko zote kuwahi kufunguliwa Ujiji. Wote tulisoma shuleni Stanley kamkuta Livingstone chini ya mwembe, mwaka 1871, Novemba 10 kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, ingawa wapo wanahistoria wanaosema alikosea siku njiani. Kitu ambacho mwalimu wa historia huwa anakiruka ni kilichofuata. Stanley alikuwa amebeba chupa ya shampeni ya Sillery kutoka pwani, kwa ajili ya siku hiyo tu. Wakiwa wamekaa, akamtuma Selim, kijana mkalimani wake, akailete pamoja na vikombe vya fedha. Wakagonga vikombe, wakatakiana afya. Kwenye mji wa Waislamu, mbele ya umati uliokuja kushangaa.

Piga hesabu. Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ni kama kilomita 1,200. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi, akafika Novemba. Njiani kuna mafuriko, homa, vita vya Mirambo kule Unyanyembe, wapagazi waliokufa na waliotoroka. Miezi yote hiyo ile chupa ya kioo, kitu kinachovunjika kwa kujikwaa mara moja, ilikuwa kwenye mzigo wa mtu. Juu ya bega au kichwani kwa mtu. Haikuvunjika. Stanley anaitaja shampeni kwa jina, na vikombe akavitaja. Aliyeibeba hakumtaja. Huyo ndiye jina kapuni wetu wa kwanza, na mimi namheshimu kuliko mtangazaji yeyote wa pombe, maana ndiye aliyeifikisha na hakuonja tone.

Halafu ikaja sheria. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikaa Brussels, wakasaini mkataba dhidi ya biashara ya watumwa, na humo ndani wakachomeka kifungu cha pombe kali: ukanda mkubwa wa Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, vinywaji vikali vizuiwe kuingia kule ambako havijazoeleka. Kigoma ipo katikati kabisa ya ukanda huo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakarudia, mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919. Lugha ilikuwa ya huruma, kuwalinda Waafrika na ulevi. Kwa vitendo ikawa hivi: mzungu anywe wiski, Mwafrika anywe pombe yake ya nafaka na ndizi, na akishika glasi ya wiski amevunja sheria. Hali hiyo ilidumu Tanganyika mpaka miaka ya 1950.

Hebu fikiria wahudumu wa klabu za wazungu miaka hiyo. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mji ukawa na maofisa, mainjinia, manahodha. Kuna mtu alikuwa akisimama nyuma ya kaunta na kanzu nyeupe, anajua bwana huyu anataka vidole viwili vya wiski na maji kidogo, yule anataka soda. Ameijua harufu ya kila chupa kwa miaka 20. Na kwa sheria hatakiwi kuionja hata siku moja. Unataka mjuzi wa wiski wa zamani hapa kwetu? Ni huyo. Aliifahamu kwa pua tu.

Tena kuna kipande kingine ambacho nilipokiona nilicheka peke yangu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waingereza waliziba bahari, Wajerumani wa Afrika Mashariki wakakosa kila kitu kutoka kwao. Huku Kigoma wao walikuwa wanaunganisha meli yao, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kwenye makasha 5,000 hivi. Ndiyo hii Liemba yetu. Upande wa pili wa nchi, milima ya Usambara, walikuwa na taasisi ya utafiti wa kilimo pale Amani. Taasisi ikageuzwa kiwanda cha kila kitu: sabuni, dawa, chokoleti, dawa ya meno. Na kwenye orodha ya walichotengeneza miezi 18 ya kwanza ya vita, kuna chupa 15,200 za wiski na vinywaji vingine vya kulewesha. Elfu kumi na tano na mia mbili! Wiski ilishapikwa Tanzania zaidi ya miaka 100 iliyopita, na wewe unadhani ni kitu cha kuja na ndege.

Idadi ya chupa imehifadhiwa. Idadi ya sabuni imehifadhiwa. Nani alichochea moto, nani aliponda nafaka, nani alionja kujua kama imeiva? Kapuni.

Ujuzi wenyewe wa kukusanya mvuke wa pombe na kuupoza ukadondoka ukali, hapa Afrika Mashariki unahusishwa sana na askari wa Kisudani walioletwa na wakoloni. Nairobi, Kibera ya zamani, ilisifika kwa jini ya Wanubi. Uganda wana waragi, na ingawa watu wanapenda kusema jina hilo limetoka kwa Waingereza walioiita jini ya vita, linafanana zaidi na araki ya Waarabu. Wajerumani nao waliwaleta Wasudani kutoka Misri mwaka 1889 kupigana pwani yetu. Kwa hiyo ukali uliokuwa unakatazwa kwenye mikataba ya Brussels uliingia umevaa sare ya serikali yenyewe. Sijui kama kuna kichekesho kikubwa kuliko hicho.

Ukifika uhuru, ndipo nchi jirani zinapoachana njia, na hapa ndo pananiuma kidogo.

Uganda mwaka 1965 walitunga sheria ya enguli. Kupika mtaani marufuku bila leseni, lakini mpishi mwenye leseni anaweza kuuza mzigo wake kiwandani, kiwanda kinaupika tena, kinausafisha, kinautia kwenye chupa yenye lebo: Uganda Waragi. Haikuwa haki kamili, maana bei aliyolipwa mpishi na bei ya chupa ni mbingu na ardhi, na wengi waliendelea kupika kwa kificho. Ila angalau pombe ya kijijini ilipata mlango wa kuingia dukani. Sisi mwaka mmoja baadaye tukawa na sheria ya moshi, na mlango kama huo kwa mama wa kijijini haukuonekana. Miaka ya 1970 tukapata Konyagi ya kiwandani Dar es Salaam, kitu safi, asilimia 35, tunajivunia. Lakini Konyagi haikutoka kwenye chungu cha mtu wa Kasulu wala wa Bukoba. Jina lake lenyewe ni konyaki ya Wafaransa.

Kenya wao waliihalalisha chang'aa mwaka 2010, wakasema itapikwa kwa viwango na kufungwa kwenye chupa. Nitarudi hapo.

Kabla ya hapo, twende kidogo kwa wenye burboni, maana mzee wetu aliuliza swali ambalo hata wao limewatoa jasho.

Unajua Marekani nayo ilianza hivihivi? Wakulima wa magharibi ya Pennsylvania walikuwa wanapika rai nyumbani kwa sababu kubeba gunia la nafaka kuvuka milima ni gharama, kubeba pipa la wiski ni nafuu. Serikali mwaka 1791 ikaweka kodi. Wakagoma, wakawapaka lami watoza kodi, na mwaka 1794 rais George Washington akaongoza jeshi la wanamgambo karibu 13,000 kwenda kuwatuliza. Sasa sikia hii. Rais huyohuyo alipostaafu mwaka 1797 akafungua mtambo wake wa wiski shambani kwake Mount Vernon. Wiski ya rai! Asilimia 60 rai, 35 mahindi, 5 shayiri. Kufikia mwaka 1799 alikuwa anatoa karibu galoni 11,000 kwa mwaka, lita zaidi ya 40,000. Msimamizi alikuwa Mskoti, James Anderson. Waliokuwa wanapika ni watumwa sita: Hanson, Peter, Nat, Daniel, James na Timothy. Majina ya kwanza tu. Ukoo kapuni.

Na kuna huyu wa kwenye kila baa ya Tanzania, Jack Daniel. (Wajuzi watakukaripia ukiiita burboni. Wao wanasema ni wiski ya Tennessee. Usibishane nao, maji ya moto hayo.) Kwa zaidi ya miaka 100 watu walisimuliwa kwamba kijana Jack alifundishwa kupika na mhubiri mmoja aliyekuwa na mtambo, Dan Call. Mwaka 2016 ndipo kampuni ilipoanza kusema hadharani kitu ambacho watu wa mji ule walikuwa wanakijua siku zote: aliyemfundisha ni Nathan Green, wenyewe walimwita Nearest, mtumwa mweusi aliyekuwa anafanya kazi kwenye shamba la yule mhubiri. Baada ya watumwa kuachiwa, Jack alipoanzisha kampuni yake, Green ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa kwanza. Leo kuna wiski nyingine yenye jina lake, iliyoanzishwa mwaka 2017 na mwanamke mweusi, Fawn Weaver.

Kwa hiyo swali la babu, nani kapika, Marekani walichukua karne moja na nusu kulijibu. Na walilijibu kwa sababu watu wa mtaani hawakuacha kulitaja lile jina.

Turudi ziwani. Ukitazama Ziwa Tanganyika kwenye ramani, ni refu, kama kilomita 670, na nchi nne zimelizunguka. Pombe kali ya kupikwa nyumbani ipo katika zote nne, na kila moja ina jina. Kwetu ni gongo, au moshi, au machozi ya simba kwa wale wenye mbwembwe. Ukivuka Kongo unakutana na lotoko, wengine wanaita lutuku, ya mahindi na muhogo. Burundi na Rwanda ni kanyanga. Ukishuka na meli mpaka Mpulungu, Zambia, ni kachasu, jina lililotokana na lile la Wareno, ambalo huko Brazil ndilo jina la pombe ya taifa, inauzwa viwanja vya ndege.

Wazee wa bandarini Kibirizi na watu wa boti wanajua tofauti zake vizuri sana. Ya ndizi inanukia tunda lililoiva kupita kiasi, na ukali wake unachelewa. Ya mahindi inakuja na utamu wa mbele kisha inakung'ata. Ya muhogo ni kavu, haina maneno mengi. Ya sukari guru au molasi ni ya haraka, inapanda kichwani kabla hujakaa sawa. Ukiwasikiliza wakibishana unagundua ni mazungumzo yaleyale ya kile kikundi cha Jumamosi cha jamaa yetu, nafaka gani, asilimia ngapi, inaanzaje na inaishaje. Tofauti ni kwamba wale wa Marekani wanaandika kwenye daftari, hawa wanaangalia kwanza nani kasimama nyuma yao.

Babu alisema kitu pale Bangwe ambacho nadhani ndicho kiini cha yote. Alipoonja burboni mara ya pili, na tone la maji kama alivyoshauri jamaa, akasema: "Hii ni moshi iliyolala."

Kalenga penyewe. Mahindi ni yaleyale, moto ni uleule, mvuke ni uleule. Kinachoongezwa ni miaka minne, sita, kumi ndani ya pipa. Mwaloni uliounguzwa unatoa harufu ya vanila na sukari iliyoungua, unameza ukali wa ujana. Kila mwaka sehemu kidogo inapotea kwa mvuke kupitia mbao, na Wamarekani wanaiita fungu la malaika. Kwa joto la Kigoma, malaika wetu wangelewa kweli kweli.

Lakini ili pombe ilale miaka minne unahitaji ghala, unahitaji mtaji wa kusubiri, na unahitaji uhakika kwamba kesho hakuna atakayekuja kumwaga. Mama anayepika pembezoni mwa Kigoma hana uhakika wa saa nne, achilia mbali miaka minne. Anapika usiku, inatoka, alfajiri iwe imeshauzwa. Mtambo unafukiwa kichakani. Ada ya shule imepatikana au haijapatikana. Watu wanasema gongo ni kali na chafu kana kwamba hiyo ni tabia ya wapishi wetu. Sehemu kubwa ya ukali huo ni haraka, na haraka imeletwa na hofu. Sheria ilipomnyima leseni, ilimnyima na muda.

Najua mnachotaka kusema. Gongo inaua. Ndiyo, na sitaki mtu asome hapa akatoke kwenda kujaribu. Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli, kemikali ya kiwandani. Na ile Kenya niliyosema iliihalalisha chang'aa mwaka 2010? Mei 2014 watu wakafa tena kwa makumi, kwa methanoli tena. Kwa hiyo karatasi ya leseni peke yake siyo dawa, na mimi siyo wa kuimba halalisha, halalisha. Hata ule mtindo wa kuwasha kiberiti kwenye kijiko kuona moto wa bluu hauwezi kukuambia kama kuna methanoli, maana nayo inawaka bluu. Mara nyingi sumu hiyo siyo ya mpishi. Inatiwa na mchuuzi anayetaka lita moja iwe tatu, mtu wa katikati ambaye mnywaji hamjui. Wazee wanapong'ang'ana na swali lao la nani kapika, hawafanyi umbea. Wamezika watu.

Na ulevi wenyewe umevunja nyumba nyingi mwambao huu, tena ulevi wa bia na viroba pia, kabla viroba havijapigwa marufuku Machi 2017. Hilo halina lebo wala jina zuri.

Ila kuna kitu sikubaliani nacho kabisa, ile dharau. Kijana wa Dar anayelipa laki na zaidi kwa chupa ya burboni, akaipiga picha na barafu, halafu anamcheka shangazi yake wa kijijini aliyesomesha watoto wanne kwa chungu. Bro, ulichonacho mkononi kilianza kama moshi wa shangazi wa mtu.

Jioni ile chupa ya rai ndiyo iliyoisha kwanza, kinyume na nilivyotarajia. Babu alikunywa kidogo sana. Giza lilipoingia akaanza kusimulia alivyoingia reli ikiwa bado ya Jumuiya, kabla haijavunjika mwaka 1977, na jinsi mafundi na madereva wa treni waliokuwa wanalala Kigoma walivyokuwa na mpishi wao mmoja, mwanamke, anapika ya ndizi. Anasema ile ya kwanza kutoka, yenye harufu ya kuchoma pua, alikuwa anaimwaga chini mbele yenu muone, na ya mwisho iliyokuwa nyepesi hakuiuza. Aliuza ya katikati tu. Ndivyo wanavyofanya mpaka leo kwenye baadhi ya viwanda vya burboni. Jamaa wa Ujiji alithibitisha, alishatembelea kimoja akaonyeshwa. Watu walikuwa wakitoka Tabora na chupa tupu kwenye begi la zamu kwa ajili ya yule mama.

Jamaa akachukua simu, akafungua sehemu ya kuandika. "Babu, aliitwa nani?"

Babu akamtazama, akacheka taratibu mpaka akakohoa.

"Ana wajukuu wale," akasema. "Na mmoja ni polisi."